Kabla ya Kununua, Kagua Dari

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa paa, mtu asiyekubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alipopata nyumba ya kununua, alikwenda kuikagua mwenyewe. Mama mwenye nyumba hakujali kuta wala mabomba.

"Baba, anza na dari," alimwambia, na ngazi keshaiweka.

Kule juu giza lilikuwa zito, na tochi ikamzimikia. Akasikia kitu kikijiburuta juu ya mbao, taratibu, kikimjia. Kisha kimya.

"Panya tu," akajiambia, akashuka. Ngazi ililia kuliko ilivyolia wakati anapanda.

Yule mama alimtazama mgongoni, akashusha pumzi kama aliyetua mzigo.

"Samahani, baba. Nimeghairi. Nyumba haiuzwi tena."

Akamsukuma nje, akafunga komeo. Ndani watoto wakasikika wakishangilia.

Alipofika kwake, mkewe alicheka. "Mume wangu, leo umembeba mtoto wa nani?"

Mabegani pa shati palikuwa na alama za vumbi za viganja viwili vidogo. Akalivua upesi. Alama zilikuwepo kwenye ngozi pia, na ngozi ilikuwa bado inabonyea.