Tulilipia Uvundo

Kila siku ya shule, kabla kengele ya kwanza haijalia, mimi huwa nimeshakaa langoni na beseni langu la pastelito. Watoto wa mji wetu wa Bonao wanazipenda zikiwa bado zinachoma vidole: unga mwembamba uliokaangwa, kuku ndani, chumvi ya kutosha. Wote wananiita Mama Nereida, isipokuwa mmoja anayeniita mama mdogo. Huyo ni Yudelka, binti wa dada yangu Milkeya. Ana miaka kumi na mitatu, na anaongea utadhani analipwa.

Pale langoni nasikia yote. Watoto wakishika chakula mkononi husahau kwamba muuzaji naye ana masikio. Ndivyo nilivyomsikia Franchesca, wa darasa la Yudelka, mwaka jana, aliporudi kutoka likizo ya Pasaka na bangili ya plastiki ya rangi ya dhahabu. Ni ile unayofungwa mkononi ukiingia kwenye hoteli kubwa za ufukweni, ionekane umeshalipia kila kitu. Mwenye akili zake huikata siku anayoondoka. Kwetu hapa haikatwi! Mtu anaoga nayo, analala nayo, anakwenda nayo kanisani mpaka inaota weusi, ili tu watu waulize. Na Franchesca alipoulizwa alijibu, "Peponi, jamani. Peponi kabisa." Akawaonyesha picha: yeye, bahari ya bluu, na mnazi mmoja ulioinama.

Basi Yudelka hakulala tena. Mwaka mzima wimbo ukawa mmoja. "Mama, darasa zima ni mimi tu sijaenda. Mama, wananiona mshamba." Dada yangu alikuwa anacheza upatu na wanawake wa mtaa, na pesa za zamu yake zilikuwa za kununulia jokofu. Nilimwambia, "Dada, jokofu!" Akanijibu, "Nereida, na mimi nataka kuonja raha kabla sijazeeka. Jokofu litasubiri." Bwana Radhames, anayekusanya abiria na kukodi basi la kwenda huko, akazichukua pesa zote. Nami nikaenda, kwa sababu dada alikuwa ameshanilipia.

Jina la hoteli hiyo silitaji. Wasije wakapata tangazo la bure.

Uvundo ulitupokea kabla ya mpokea wageni. Mwani, jamani, mwani! Ulikuwa umelundikana ufukwe mzima mpaka magotini, umeoza, unatoa maji meusi na harufu ya mayai viza. Bahari ilikuwa na rangi ya chai ya juzi. Visubi wakatuvaa miguuni. Milkeya aliziba pua kwa kitambaa, akasema labda kesho upepo utageuka. Upepo haukugeuka.

Nikasema haya, angalau bwawa la kuogelea lipo. Ndani ya bwawa kulikuwa na nepi ya mtoto inaelea, imevimba kama mkate uliolowa. Mwanamume mmoja aliisukuma pembeni kwa mguu, akaendelea kunywa bia yake. Nilichefuka, nikatoka majini, nikaenda kujisugua kwa sabuni kama mtu aliyeangukia kinyesi.

Lakini kilichonitia hasira zaidi ni chakula. Watu walijaza sahani kama wanahama nyumba, wakala vijiko viwili, wakaacha. Mtu kazima sigara yake juu ya samaki ambaye hajaguswa! Kijana mhudumu alikuwa anamwaga vyote kwenye pipa moja, nzi wanamfuata.

"Mwanangu, hivi vinakwenda wapi?" nilimuuliza.

"Jalalani, mama. Sisi haturuhusiwi hata kuonja."

Mimi ninayeamka alfajiri kukaanga, nilitamani kupiga kelele. Na wali wao, lo! Umepoa, hauna ladha, hauna hata ukoko. Wali gani huo wa kumpa mtu wa kwetu?

Kulikuwa na kona moja tu safi. Wafanyakazi waliondoa mwani pale kila asubuhi, chini ya mnazi mmoja ulioinama, na wageni walipanga foleni kupiga picha. Ukifika zamu yako unaacha kuziba pua, unatabasamu, picha inapigwa, unaziba pua tena. Yudelka alipanga foleni mara mbili. Siku iliyofuata mama yake alishinda chooni kwa tumbo la kuendesha, na safari yetu ikaishia hapo.

Ndani ya basi wakati wa kurudi, watu walimtukana Bwana Radhames bila kupumzika. Tulipokaribia Bonao, nikaona maajabu. Mmoja akasema, "Lakini vitanda vilikuwa laini." Mwingine akasema, "Na muziki je!" Tuliposhuka, basi zima lilikuwa limetoka peponi. Milkeya akaninong'oneza, "Nereida, usinitie aibu mtaani. Usiseme kitu." Pesa zilikuwa zake, nikafunga mdomo, ingawa roho iliniuma.

Jumatatu Yudelka akasimama mbele ya beseni langu, mkono wenye bangili ukiwa juu kama anaomba ruhusa ya kwenda nje.

"Mwenzangu, kule unahudumiwa mpaka unachoka," alikuwa anasema.

"Na bahari?" akauliza Arisleida.

"Bluu mpaka macho yanauma!"

Arisleida ni rafiki yake wa kufa na kupona. Analelewa na bibi yake, Bibi Chencha, kwa kuwa mama yake anafanya kazi ng'ambo. Alikuwa anasikiliza mdomo wazi, pastelito inampoa mkononi. Nilimtazama mpwa wangu kwa jicho kali, naye akageukia upande mwingine.

Siku zilivyokwenda, nikamwona anajikuna chini ya bangili. Ngozi ilikuwa imetoka vipele, vingine vimeanza kutunga usaha.

"Kata hiyo takataka," nikamwambia.

"Bado, mama mdogo. Hata darasa la saba hawajaiona."

Ijumaa asubuhi Arisleida alikuja anarukaruka. "Yudelka! Bibi kakubali! Zamu yake ya upatu imefika, na Bwana Radhames anakuja jioni kuchukua pesa!"

Nikaacha kuhesabu chenji. "Na mabati ya paa je?" nikamuuliza.

"Bibi anasema mabati tutanunua mwaka ujao."

Mwaka ujao! Paa la Bibi Chencha limetoboka kama chujio. Kitanda chake kimehamishwa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine kukimbia matone. Anakohoa usiku kucha, na daktari wa zahanati alimwonya kwamba akiendelea kulala penye unyevu kifua hicho kitamuua. Mvua za Mei zilikuwa zinabisha hodi, na baada yake vinakuja vimbunga. Yudelka anayajua hayo yote, maana amelala nyumba ile mara nyingi. Siku hiyo hakumaliza kula.

Baada ya masomo alinikuta nafunika beseni.

"Mama mdogo, nikisema kweli, Arisleida atanichukia."

"Huenda."

"Na darasa zima litanicheka."

"Hilo watacheka, usiwe na shaka."

"Na mama atanipiga."

"Atafoka. Kukupiga hakupigi, mimi nitakuwepo."

Akafuta macho. "Na nisiposema?"

Nilijitwika beseni, nikaanza kutembea kuelekea kwa Bibi Chencha. Baada ya muda nikasikia viatu vyake nyuma yangu.

Tulimkuta Bwana Radhames ameshakaa, kikombe cha kahawa mkononi. Bahasha ya pesa ilikuwa mezani, na Bibi Chencha ameiwekea kiganja juu.

"Baraka, bibi," Yudelka akaamkia.

"Mungu akubariki, mwanangu! Afadhali umekuja. Bwana Radhames, si ndiye huyu aliyetusifia?"

"Ndiye shahidi wangu," akacheka Radhames. "Mweleze bibi, binti. Mweleze bahari ilivyokuwa."

Yudelka alisimama katikati ya chumba. Nilidhani atakimbia. "Bibi, nilidanganya," akasema. "Bahari haikuwa bluu. Kulikuwa na mwani umeoza ufukwe wote, unanuka mpaka chumbani. Bwawani kulikuwa na nepi. Mama aliharisha. Bibi, usitoe pesa zako."

Arisleida aliruka kutoka kwenye kiti. "Mwongo! Wewe umeshakwenda, sasa hutaki na mimi niende! Unataka uvae bangili peke yako!"

"Siyo hivyo, Arisleida."

"Ndivyo! Una roho mbaya!"

"Ndio wivu wa wasichana huo," akasema Radhames, akinyoosha mkono kuelekea kwenye bahasha.

Machozi yalimtoka Yudelka, lakini hakurudi nyuma. "Chukua simu, Arisleida. Fungua picha ya Franchesca aliyokutumia. Sasa fungua yangu. Tazama mnazi."

Arisleida akatazama kwa hasira. Kisha akatazama tena, polepole.

"Ni mnazi uleule," Yudelka akasema. "Tafuta ya mama yake Franchesca. Tafuta ya binamu zake. Tafuta hata moja iliyopigwa mahali pengine. Huipati! Ile ndiyo kona pekee wanayosafisha. Watu wanapanga foleni, bibi, wanaziba pua wakisubiri zamu."

Kidole cha Arisleida kilipita picha moja baada ya nyingine. Mnazi. Mnazi. Mnazi. Akaiweka simu mezani, akaingia chumbani.

"Mwani ni kazi ya Mungu, mimi siuleti," akasema Radhames. "Na picha nzuri si mlipata?"

Bibi Chencha alikuwa ameushika mkono wa Yudelka, akausogeza karibu na macho yake, kisha karibu na pua. Akakunja uso. "Mama yangu! Mtoto, huu mkono unaoza!" Akachukua mkasi, akaikata bangili, akaitupa nje dirishani kama anatupa panya aliyekufa. Alikiosha kile kidonda kwa maji ya vuguvugu na sabuni, akamwagiza aende zahanati kesho yake. Halafu akaitia bahasha kifuani.

"Bwana Radhames, maliza kahawa yako. Kahawa ni bure. Pesa hizi zina kwao, juu ya paa."

Radhames aliondoka amenuna. Kabla ya Jumapili habari zilikuwa zimeenea mtaa mzima. Wapo waliomcheka Yudelka mchana kweupe. Lakini Franchesca alipofuatwa na kuulizwa, alisema, "Kwani ninyi choo chenu hakikufurika? Chetu kilifurika siku zote mbili." Watu wakaacha kumcheka Yudelka, wakabaki kucheka tu.

Jumapili fundi alikuwa juu ya paa anapigilia mabati mapya, na sisi chini tunasaidia. Arisleida alikuwa anamkabidhi Yudelka misumari bila kumsemesha, lakini alikuwa anamkabidhi yeye na si mtu mwingine. Ndipo Milkeya akaingia uani, amefura kwa hasira.

"Bibi Chencha, mtoto wangu amenivua nguo mtaani! Pesa zilikuwa zangu, aibu ilikuwa yangu. Kwa nini aitangaze?"

"Keti kwanza, Milkeya," akasema Bibi Chencha. "Nikuulize kitu. Mimi, na kifua changu hiki, ungenipeleka kule wewe mwenyewe?"

Milkeya akatazama chini. "Nisingekupeleka, bibi."

"Ulisikia kwamba nataka kwenda?"

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

Bibi akakohoa, akangoja kifua kitulie, akatugeukia sote.

"Hebu sikilizeni, na ninyi watoto msikie. Mtu akishalipa ghali kwa kitu kibovu, anaona haya kusema ameliwa pesa zake. Basi anakisifu. Anayemsikia naye anakwenda, analiwa, anarudi anakisifu zaidi. Ndiyo maana hoteli ile inajaa kila mwaka, kwa sababu sisi ndio tunaowatangazia. Kuliwa si aibu. Mimi nimeliwa mara ngapi! Aibu ni kumwacha mwenzako aende kuliwa na wewe unajua. Huyu mtoto alidanganya, na hilo ni kosa. Lakini alipoona uongo wake unamnyang'anya mtu paa, alikuja kusema kweli kwa miguu yake. Sisi watu wazima tulikuwa wapi?"

Nyundo ilisimama. Fundi alichungulia kutoka juu ya paa, kofia mkononi.

"Samahani, Mama Milkeya," akasema. "Mke wangu ananisumbua kila siku twende huko mwezi wa nane. Hebu niambie wewe uliyelala kule. Kukoje hasa?"

Sote tukamtazama dada yangu. Akamvuta Yudelka karibu, akamshika begani.

"Kunanuka, fundi," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa majirani. "Kunanuka, na mimi nililipa. Mwambie mkeo aje aniulize."