Mpira Alionyimwa Husseni

Kila alasiri, Msabaha alipotoka chuoni kusoma Kurani, alikimbilia kiwanja cha Gongoni. Huko watoto walicheza kwa mpira uliofinyangwa kwa utomvu mkavu wa porini, ulioletwa na wapagazi kutoka bara.

Mwaka ule mitaa ya Bagamoyo ilishindania mbuzi wa sikukuu. Msabaha alikuwa nahodha wa Gongoni. Kabla ya mchezo wa mwisho, alikwenda kuwatazama wapinzani wao, Dunda, pamoja na Husseni, mchezaji mwenzake aliyewashinda wote kwa mbio. Mama yake Husseni alikuwa mtumwa katika nyumba ya tajiri mmoja.

"Dunda hawakai na mpira," alisema Husseni. "Wanautoa pembeni, wanaurudisha katikati, na yeyote aliye wazi anafunga. Sisi mashambulizi yetu yote yanapitia kwako. Wakikukaba wewe, tumekwisha."

Msabaha alijua ni kweli, lakini maneno yalimchoma.

"Tangu lini mtoto wa mtumwa akanifundisha kucheza?"

Husseni akainama.

Siku ya mchezo walifungana bao moja kwa moja. Karibu na mwisho, Msabaha alizingirwa na watu watatu. Upande wa kulia Husseni alikuwa peke yake, kanyoosha mkono. Msabaha alimwona, akageuza uso, akapiga mwenyewe. Dunda waliunasa mpira, wakapasiana mbio mbio, wakafunga.

Mbuzi akaenda Dunda. Asubuhi yake Msabaha alikwenda kumtaka Husseni radhi. Mlangoni kwa tajiri alimkuta mpishi, Bi Mwanvita.

"Ameondoka alfajiri na mama yake," alisema. "Bwana amewapeleka Pangani, kwenye shamba la miwa. Hawarudi."

Mwaka uliofuata Gongoni walicheza kwa kupeana mpira, wakashinda. Msabaha alimpelekea mama yake, Mwanaharusi, fungu lake la nyama, uso umemshuka.

"Mchezo huu alitufundisha Husseni," alisema. "Mwaka jana alikuwa wazi, nikamnyima mpira."

"Hukumwona?"

"Nilimwona, mama."

Mwanaharusi hakumbembeleza.

"Basi jua hivi, mwanangu. Kuitwa mtumwa hakumpunguzii mtu akili wala utu. Na anayestahili haki yake, mpe angali mbele yako. Leo unamsifu Husseni, na sifa hizo nazisikia mimi tu."