Yule Aliyeachwa Darajani

Jioni hiyo Rigobert alitoka mtaani Hewa Bora kwa pikipiki, mkewe Émerance nyuma yake, wakashika barabara ya Kasomeno. Walikuwa wanakwenda kucheza. Ni mchezo wa simu: mtu anaficha kisanduku mahali, anatia alama kwenye ramani, na wengine wanakwenda kukisaka. Hiki kilifichwa chini ya daraja la mawe la wakati wa Wabelgiji, ndani ya pori, daraja ambalo magari yaliliacha zamani. Émerance hakutaka kwenda. Alisema jua linazama. Rigobert alimcheka njia nzima kwa uoga wake.

Walipofika, mto ulikuwa kimya. Hata chura hakulia. Hewa ilinuka kutu, na kitu kingine... kama nguo zilizoozea majini.

Émerance alibaki juu ya daraja na simu, akimwelekeza: kushoto kidogo, chini kidogo. Rigobert akateremka ukingoni, akapiga magoti, akaingiza mkono katika ufa wa mawe.

Akagusa plastiki. Akatabasamu.

Kisha kitu kikamshika vidole.

Kilikuwa kiganja. Kidogo, laini, baridi. Hakikumvuta. Kilimshika tu, taratibu, kama mtu anavyomshika mgeni aliyemngoja siku nyingi.

Rigobert alijichomoa. Akaparamia ukingo, akampita mkewe bila kumtazama, akawasha pikipiki.

"Rigo... uningoje."

Alisikia. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye. Alisikia vizuri kabisa, na mkono wake ukazidi kuvuta mafuta.

Alisimama njia panda, kwa Mama Ngosa, muuza makaa aliyewaona wakipita wawili. Mama huyo aliangalia kiti kitupu. Rigobert akasema mkewe yuko nyuma kidogo, ameingia kichakani kujisaidia. Uongo huo ulimchoma uso. Mama Ngosa aliendelea kushona gunia lake, hakuinua kichwa.

"Ile daraja haikamatake muntu," akasema polepole. "Inakamataka ule mwenye banaacha."

Rigobert akamuuliza maana yake, daraja kumshika yule anayeachwa. Mama alisema tu kwamba wakati wa kujenga, mawe yalimfunika kibarua mmoja, akaita, na wenzake wakakimbia. Zaidi ya hapo hajui, wala hataki kujua. Akamwambia arudi upesi, mwanga ungalipo.

Hakurudi. Aligeuza pikipiki kuelekea darajani, akaizima. Akaiwasha tena, akaizima. Giza likamkuta palepale, mwanaume mzima, akiomba mtu mwingine apite ili aende naye.

Ndipo Émerance akatokea. Alitembea katikati ya barabara, bila haraka, kisanduku mkononi.

"Umesahau mchezo wako," akasema.

Mama Ngosa alijifunika uso kwa kitenge. Émerance akapanda, akamkumbatia Rigobert kiunoni. Mpaka mjini, mikono ile haikupata joto.

Tangu siku hiyo mkewe hajamlaumu. Émerance aliyekuwa akinuna juma zima kwa neno moja baya, sasa anatabasamu kwa kila kitu. Hajauliza kwa nini alikimbiwa. Na Rigobert hawezi kumuuliza alibaki na nani kule, maana swali hilo lazima lianze na kukiri. Alikwenda kwa padri, akapanga foleni ya kitubio. Zamu yake ilipokaribia, akatoka nje.

Pasaka, mama mkwe alikuja kutoka Butembo. Émerance alimpokea mlangoni, akamkumbatia, akamtua mzigo, akaenda jikoni kusonga ugali wa bukari. Mama mkwe alibaki amesimama sebuleni, akijisugua mikono kama aliyetoka kwenye mvua. Kisha akamsogelea Rigobert, akanong'ona:

"Mukwe... mutoto wangu ulimuacha wapi?"

Rigobert akaelekeza kidole jikoni.

"Iko ku cuisine, mama."

Mama mkwe hakuangalia huko. Alimwangalia yeye, akingoja, macho yakimjaa machozi. Rigobert akatazama sakafu.

Jikoni, mwiko ulikuwa umenyamaza.