Kivuli Kwenye Sinia

Kila jioni, Chiriku akishavua sare za shule, alipitia jikoni kumsalimia bibi yake. Jina hilo alipewa na bibi mwenyewe, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Bibi alikuwa akikaa kwenye kigoda karibu na meza, sinia la maharage mapajani, taa ikiwa nyuma yake. Taa ilikuwa moja tu, juu ya mlango. Baba ndiye aliyetaka ikae hapo, imulike jiko na ukumbi kwa pamoja, na alijisifu sana kwa akili hiyo.

Jioni moja wakiwa wanakula, baba alikunja uso ghafla, akatema kijiwe kiganjani. Hakikuwa cha kwanza wiki ile.

"Bibi, leo umetupikia kokoto?" kaka akatania. "Unataka tujenge nyumba tumboni?"

Chiriku akacheka mpaka akapaliwa. Bibi hakucheka.

"Mama, macho yako yamechoka," mama akamwambia mkwewe taratibu. "Kuanzia kesho pumzika. Chiriku atachambua."

"Nipumzike nifanye nini?"

Bibi akanawa mikono, akaingia chumbani na chakula hajamaliza.

Kesho yake Chiriku alimkuta kitandani, amekunja mikono kama mgeni asiyejua atafukuzwa lini.

"Bibi, huji jikoni?"

"Nije niwaharibie chakula?"

Chiriku akaufunga mlango taratibu. Akaenda kukaa kwenye kigoda, akachambua maharage kwa makini. Yalipoiva akaonja. Kach! Kijiwe.

Akakitoa mdomoni, akakitazama. Macho yake yalikuwa mazima. Darasani alisoma ubao kutoka dawati la mwisho. Wazo baya likamjia: nikinyamaza, watasema bibi ndiye aliyeyachambua haya. Akatazama mlango wa bibi uliofungwa. Kisha akakiweka kile kijiwe mezani, mahali pa kuonekana.

Akarudi kwenye kigoda, akamimina maharage mabichi kwenye sinia, akainama. Ndipo alipoona. Kichwa chake kilikuwa kimeangusha kivuli katikati ya sinia, na kila alivyozidi kuinama ili aone vizuri, kivuli nacho kilizidi.

Baba aliporudi kazini, Chiriku akamwonyesha kile kijiwe. "Baba, hiki kimenipita mimi. Si macho ya bibi. Njoo ukae hapa."

"Kwenye kigoda? Mimi?"

Akakaa, magoti yakikaribia kidevu, kaka akijiziba mdomo asicheke. Baba akainama juu ya sinia, kisha akageuka kuitazama taa iliyokuwa nyuma yake.

"Sijawahi kukaa hapa," akasema. Kisha akaenda kubisha mlango wa mama yake. "Mama, nisamehe. Njoo utuonyeshe taa ikae wapi."

Bibi akaja polepole, akakaa mahali pake. Chiriku akainua tochi iwe kama taa.

"Hapo hapana," bibi akasema, "naona kichwa changu tu. Hapo unanichoma macho! Njoo mbele yangu. Juu kidogo… Hapo. Usitikisike, mama wee."

Baba akatia alama ya chaki ukutani. Siku ya pili fundi umeme akafunga taa yenye kifuniko palepale, na ya mlangoni ikaachiwa ukumbi. Mama akaupaka rangi nyeupe ukuta uliojaa masizi, na jiko zima likang'aa.

Jioni ile bibi alichambua sinia zima, kisha akamwekea kaka vijiwe kiganjani. "Haya mjenzi, kajenge."

Walipomaliza kucheka, mama akasema, "Tulimlaumu bibi yenu, hatukutazama pale alipokaa. Mkimwona mtu anakosea kazi, kaeni kwanza mahali pake. Na wewe Chiriku, ungekificha kile kijiwe, mpaka leo bibi angekuwa chumbani akiamini ni kipofu."

Bibi akamvuta mjukuu wake karibu, chini ya mwanga. "Kelele za miaka yote nimemsamehe," akasema. "Leo kasema."