Shokapu Chini ya Meza

Kituo cha mafuta kilijaa magari asubuhi ile, kila dereva na haraka zake. Gari kuukuu la mshona mapazia lilipanda tuta la mlangoni, likashuka, likasimama, na bado likaendelea kunesanesa. Aliteremka na gauni lake la njano, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, akamkuta kijana mwenye ovaroli la buluu anacheka.

"Unacheka nini, kaka?"

"Gari lako linacheza, dada, na muziki wenyewe hakuna."

Alikuwa fundi wa gereji ya jirani. Mtaani walimwita Spana. Aliikandamiza boneti kwa viganja, akaiachia. Gari likaruka, likashuka, likaruka tena.

"Shokapu, zile za kuzuia gari lisinese, zimekufa zote, mafuta yake yamevuja. Ukifunga breki ghafla, gari halitasimama pale unapotaka. Usiende nalo mbali."

"Basi nitakuwa nakuja kwako kila siku uliangalie."

Alisema hivyo huku akicheka, na Spana akawa kwisha habari yake.

Shokapu mpya aliziagiza siku hiyohiyo, na hazikuchelewa kufika. Hapo ndipo alipokosea. Alizisukuma chini ya meza ya kazi, akazifunika kwa gunia, kisha akapiga simu.

"Bibi Mapazia, mzigo bado."

"Tena? Haya, nitapita jioni nikuone... nikuulizie."

"Nikuone ndiyo uliyotaka kusema."

"Nyamaza wewe!"

Jioni alipita na chupa ya chai, wakakaa juu ya matairi ya zamani wakitaniana mpaka gereji ikafungwa. Ikawa ndiyo desturi yao. Kila mara gari lake lilipoondoka likinesa, Spana alisutwa na moyo. Kesho nazifunga, alijiapia. Kesho ikifika, alitaka jioni moja zaidi. Hakuwa na udhuru wowote, maana hatari ile aliijua kuliko mtu mwingine yeyote.

Kisha mvua ikanyesha, na simu ikalia.

"Tumegonga nguzo," mshona mapazia alisema huku akilia. "Gari limevunjika taa tu, lakini Mama amevunjika mkono."

Baada ya hapo hakupokea simu zake tena. Spana alizibeba zile shokapu, akaenda kwake. Mshona mapazia alifungua mlango mwenyewe, macho mekundu, kanga kiunoni, nywele hazijachanwa.

"Zilikuwepo," Spana alisema. "Nilizificha ili uendelee kuja. Nichukie tu, nastahili."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Niliziona siku nilipoinama kuokota kikombe. Nikafurahi, mjinga mimi! Nikasema, huyu mwanamume ananitaka kweli. Nikanyamaza, na Mama nikaendelea kumpakia humo humo. Ningeipokeaje simu yako?"

"Mama anajua?"

"Anajilaumu yeye. Anasema alinipigia soga nikiwa naendesha. Kila asubuhi ananiomba radhi, na mimi namwambia yamekwisha."

Spana aliona aibu. Aliuweka mzigo chini.

"Twende tukamwambie."

"Atanifukuza."

"Basi atufukuze wote."

Mama alikuwa kwenye kochi, mkono umefungwa plasta, anahangaika kumenya chungwa kwa mkono mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Spana alianza kueleza, binti akamalizia. Walipomaliza, Mama aliliweka chungwa chini, akamtazama mwanawe.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, Mama. Hukufanya kosa lolote."

Mama akaangua kilio. Binti alipomsogelea, alimsukuma kwa mkono wake mzima. Aliposogea tena, alimwacha amkumbatie. Kisha akajifuta machozi, akamgeukia fundi.

"Na wewe, mwanangu unamtaka?"

"Namtaka, mama. Nataka kumuoa."

"Leo sijibu hilo, na radhi pia sitoi. Kafunge kwanza hizo shokapu, na huyu akushikie jeki. Mkimaliza, mtanipeleka hospitali kuangaliwa mkono. Uendeshe wewe, mimi nikae mbele, yeye nyuma. Na njia nzima, mwenye haki ya kuongea ni mimi peke yangu."