Bwana Arusi wa Kwenye Kompyuta

Siku hiyo ya soko Kamembe ilifurika watu waliovuka kutoka Bukavu. Uwamwezi, kitenge cha manjano kimemkaa barabara kiunoni, aligongana na mwanamume mbele ya wauza samaki wadogo wa sambaza. Gisa, mchumba wake wa zamani! Shati jeupe, viatu vinang'aa.

"Sheri wangu! Iko studio yenu nilikuwa natafuta. Niko na arusi. Banasema kuko fundi wa kuchezesha batu mu kompyuta."

"Fundi ni miye," Uwamwezi alijibu, akatabasamu kwa meno tu.

Bukavu ilipowaka moto wa vita, Gisa alivuka mpaka kwenda kumchukua mama yake huko, akiapa kurudi kesho yake. Hakurudi, wala hakupiga simu. Leo anamletea arusi yake aipambe kwa filamu ya katuni!

Roho ikimchemka, Uwamwezi alianza na mchemraba kwenye skrini, akauvuta na kuukata hadi ukawa kichwa, masikio yamechomoza kama ya Gisa. Akaongeza mwili, akaupachika mifupa ya kuuchezesha, akapanga pozi la mwanzo na la mwisho, kompyuta ikajaza mwendo wa katikati. Bwana arusi akatembea bega moja chini, Gisa yule yule! Bibi arusi alipomnyooshea kidole avishwe pete, bwana akatimua mbio.

"Nawe uchekwe huko ukumbini," alinong'ona.

Filamu ilipokamilika, simu ikalia. Ni Gisa. "Sheri, tuko mulangoni. Tunaweza kutazama?"

"Muingie!"

Gisa aliingia na mdogo wake Aimable, pamoja na msichana aitwaye Vénantie. Uwamwezi akaionyesha filamu bila kupepesa jicho.

Vénantie alimshika Aimable mkono. "Maman, juu ya nini umemupa bwana yangu sura ya shemeji? Na juu ya nini anakimbia?"

Uwamwezi akaizima filamu haraka. Wale wachumba wakatoka nje, wamenuna.

"Ulizani niko naoa?" Gisa aliuliza.

"Ulipotea!"

"Mupaka ulifungwa. Ulipofunguliwa, jirani yenu akasema umeolewa kule Nzahaha."

"Ni dada yangu aliyeolewa Nzahaha! Na simu?"

Gisa alijikuna shingo. "Niliogopa bwana yako angeipokea."

Uwamwezi alitaka kumzaba kofi. Akataka pia kumkumbatia. Akafanya la tatu.

"Hii nitaitengeneza upya, Vénantie asilie. Lakini kesho utakuja kwa baba kuniposa, na wazee wenu. Mbele yao utasema vile uliogopa bwana asiyekuwako."

"Mbele ya bote?"

"Bote."

Gisa aliinamisha kichwa, uso umemwiva kwa haya. "Nitasema."

Hapo ndipo Uwamwezi alipompa mkono.