Wivu wa Kitindamimba

Kila jioni, akishafua sare yake, Kitinda aliketi karibu na cherehani ya mama yake akiokota pini zilizoanguka. Shuleni alikuwa darasa la sita, mkubwa wa kutosha kukemea wadogo. Nyumbani alikuwa mtoto wa mwisho, na cheo hicho hakutaka kukigawana na mtu.

Jioni moja alimwona mama akifumua kiuno cha sketi yake mwenyewe ili akipanue. Haikuwa mara ya kwanza. Tumbo lake lilikuwa limejaa, na siku hizi hakuishiwa na safari za zahanati.

"Kitinda, andika barua ya kustaafu," kaka yake alimnong'oneza. "Mwenye cheo anakuja."

"Nani?"

"Si uangalie tumbo la mama."

Tangu hapo wivu ukamkaa rohoni. Mama akimwita amshikie kitambaa, alijifanya hasikii. Mama akila matonge mawili na kusukuma sahani, Kitinda aliwaza: mtoto hata hajazaliwa, keshaanza kudekezwa! Mama akiacha kushona kila mara aende msalani, alimsindikiza kwa jicho kali. Aliona kila kitu, lakini hakumuuliza neno.

Siku shangazi yake, dada wa baba, alipowatembelea, alimkuta jikoni amenuna.

"We bibi, umemeza ndimu?"

"Muulize mama. Anapata mtoto mwingine na ananificha."

Shangazi akacheka. "Wifi yangu? Mbona siku zake zilishakoma zamani. Nani kakudanganya?"

"Basi mbona tumbo linakua? Mbona akila kidogo tu ameshiba? Mbona kila saa yuko msalani?"

Kicheko kikakatika. Shangazi akaenda moja kwa moja kwenye cherehani.

"Wifi, anayosema mtoto ni kweli?"

"Ni vidonda vya tumbo tu," mama alijibu. "Zahanati ya sokoni walinipa dawa. Ya stendi wakasema ni maambukizi ya mkojo, wakanipa nyingine. Nikipeleka nguo za wateja naingia iliyo karibu, yenye foleni fupi."

"Na kote huko unaeleza yote?"

"Naeleza kinachonisumbua siku hiyo."

"Kesho twende hospitali. Na dawa zote tunabeba."

Kitinda ndiye aliyebeba mfuko wa dawa. Daktari, mwanamke mmoja mpole, alizitazama, akasikiliza habari yote, kisha akampima mama tumbo kwa mashine ya picha. Akakuta uvimbe kwenye ovari, kiungo kinachotunza mayai ya uzazi. Mama alifanyiwa upasuaji, na vipimo vikaonyesha ni saratani.

Siku ya kwanza Kitinda kuruhusiwa wodini, alisimama mbali na kitanda.

"Mama, nilikuwa naonea wivu ugonjwa," alisema, machozi yakimtoka.

"Njoo hapa," mama alisema. "Macho yako ya wivu yaliona nilichokuwa nakidharau. Ila mdomo nao ungefanya kazi mapema, mwanangu."

Daktari alikuwa akikagua dripu. "Tumeuondoa uvimbe wote tuliouona. Bado kuna dawa za kumalizia, na nina matumaini mazuri," alisema. "Kila zahanati iliona kipande cha kitambaa, hakuna iliyoiona nguo nzima. Tumbo kujaa na kushiba upesi mara nyingi si saratani. Lakini dalili isiyoisha rudi nayo, ueleze yote, na useme ulishatibiwa wapi. Na wewe binti, ukiona mtu wako amebadilika, muulize. Usikae na kinyongo ukijijibu mwenyewe."

Kitinda akafuta machozi, akavuta kiti hadi kitandani.

"Haya mama, leo unajisikiaje? Sema yote, hata lile unaloliona dogo."

Mama akavuta pumzi, akaanza kueleza.